Mzigo Unisubiri, Si Mimi Niusubiri

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani. Nyingi zinazoletwa mezani kwangu ni za zamani, na vipuri vyake havikai dukani: shatoli, gia ndogo za ndani, mkanda wa mota, bamba la sindano. Vyote hivyo naviagiza kwa wauzaji walio mbali, wengi wao watu wa stoo ndogo wasiojua lolote kuhusu mahali ninapoishi. Kwa hiyo miaka yote hii, pamoja na ufundi, nimekuwa mpokeaji wa vifurushi, na nimejifunza mambo ambayo ningefurahi kama mtu angenieleza tangu mwanzo.

Wengi wetu tukinunua kitu mtandaoni tunaumiza kichwa kwa bei, rangi na siku za kusubiri. Tukifika kwenye sehemu ya anwani tunajaza mbio mbio pale tunapolala, basi. Lakini mahali unapolala si lazima pawe mahali pazuri pa kupokelea. Mleta mizigo hupita saa za kazi, na saa za kazi nyumba nyingi zina kufuli. Hapo ndipo kifurushi kilichovuka bahari salama salimini kinapoanza kuhangaika kwenye kilomita chache za mwisho. Kinarudishwa ghalani, kinaletwa tena, kinaachwa kwa mtu usiyemjua, au kinarudi kilikotoka.

Siku hizi kabla ya kulipa najiuliza: kifurushi hiki kikifika nikiwa sipo, kitanisubiri wapi? Nikishapata jibu la hapo, kuchagua njia kunakuwa rahisi.

Kuletewa hadi mlangoni ni raha, sikatai. Ipo mizigo isiyo na njia nyingine: kichwa cha cherehani ya kiwandani ni chuma kitupu, hakibebwi kwapani. Ila njia hii inamfaa mtu ambaye nyumbani kwake hakukosekani mtu mzima mchana, mwenye kitambulisho, na anayejua kwamba kuna mzigo unakuja. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau. Mleta mizigo akigonga mlango akaambiwa "hapa hakuna aliyeagiza kitu", ana kila sababu ya kugeuza na mzigo wake.

Nyumba yangu haina namba, kama zilivyo nyumba nyingi sana duniani. Kwenye mstari wa pili wa anwani naandika jengo kubwa la karibu lisiloweza kuhama, kisha upande gani na umbali gani kutoka hapo. Kibanda cha rangi ya bluu si alama ya kuaminika; kesho kinapakwa rangi nyingine. Namba ya simu naiandika kamili, kuanzia alama ya kujumlisha na namba ya nchi, na naiandika tena ndani ya mstari wa anwani, kwa sababu fomu nyingine zina nafasi ya simu lakini lebo ikichapwa simu haitokei. Pale ambapo maelezo ya maneno yanashindikana, Google wana mfumo wa wazi uitwao Plus Codes, unaoipa kila sehemu ya dunia msimbo mfupi wa herufi na tarakimu hata kama mtaa hauna jina. Msimbo huo unaingia vizuri tu kwenye mstari wa anwani, na dereva akiuweka kwenye ramani ya simu anafika.

Wauzaji wengine hukupa nafasi ya kuruhusu mzigo uachwe kwa jirani au mahali salama. Kwa jirani nakubali, nikishaongea naye kwanza na kuandika jina lake kwenye maelekezo. Kuachwa mlangoni siruhusu kwa kitu chochote cha thamani. Ukisharuhusu, na mleta mizigo akapiga picha kifurushi kikiwa kizingitini, kumbukumbu zao zinaonyesha kwamba umepokea. Kikichukuliwa na mpita njia muda mfupi baadaye, madai yako yanakuwa magumu mno.

Kupokelea ofisini kunawasaidia walioajiriwa, mradi mwajiri ameridhia. Andika na idara yako, na watu wa mapokezi wajue. Mimi sina ofisi, kwa hiyo sina mengi ya kusema hapo.

Kwa vipuri vidogo mimi ni mtu wa posta, na nina sababu. Tarehe 9 Oktoba 1874 nchi 22 zilisaini mkataba mjini Bern, Uswisi, na hapo ukazaliwa ule ambao leo ni Umoja wa Posta Duniani, wenye nchi wanachama 192. Matunda ya mkataba ule nayaona kila nikishika bahasha ya vipuri. Muuzaji analipia mara moja tu kwenye posta ya kwao, na posta ya huku, ambayo hajawahi hata kuisikia, inaupokea mzigo wake na kuufikisha. Kampuni binafsi isipokuwa na wakala eneo lako inakukatalia tangu mwanzo, au inakubali kwa bei ya kukukatisha tamaa.

Sanduku la posta haliendi kazini, halilali, na ukihama nyumba lenyewe linabaki pale pale. Barua na bahasha nene huingia ndani moja kwa moja. Kifurushi kisichoenea hubaki ofisini, na sandukuni unakuta kikaratasi chenye namba ya kifurushi, tarehe na dirisha la kwenda. Kikaratasi hicho nakipiga picha hapo hapo kabla sijafunga sanduku. Siku za kutunziwa zinahesabiwa. Zikiisha unaweza kutozwa ada ya kuhifadhi, na mwisho wake kifurushi hurudishwa kwa mtumaji. Ukipangisha sanduku kisha ukakaa wiki kadhaa bila kulifungua, umejinyima faida yake yote.

Dirishani kinachoamua ni jina. Kitambulisho changu kina majina matatu, na mitaani nina jina jingine kabisa la kazini. Karani hahitaji kujua mitaani naitwaje. Anaweka kitambulisho kando ya lebo, kidole kinatembea juu ya herufi, jina kwa jina, ndipo anainua macho kukuangalia sura. Niliwahi kusimama foleni nyuma ya mama mmoja ambaye kifurushi chake kilionekana kabisa pale rafuni. Mwanawe alikuwa amekituma kwa jina la utotoni, lile ambalo nyumbani wote wanamwitia, na halikuwemo hata kidogo kwenye kitambulisho. Mama akaonyesha ujumbe wa mwanawe kwenye simu, akaonyesha picha ya boksi lenyewe. "Mama yangu, naamini ni wako," karani alimwambia kwa upole, "lakini mwanao aende posta aliyotumia, waandike jina sahihi watuletee taarifa." Ilikuwa inauma kumtazama akitoka mikono mitupu, lakini utaratibu huo huo ndio unaomlinda siku mtu mwingine atakapokuja kudai mzigo wake. Tangu siku ile kila muuzaji namtumia jina langu kwa maandishi, nikiwa nimelinakili kutoka kwenye kitambulisho, na namwomba asilifupishe.

Asiye na sanduku, au aliye safarini kwa wiki chache, ana huduma ya zamani inayojulikana duniani kwa jina la Kifaransa, poste restante. Mtumaji anaandika jina lako kamili, maneno hayo mawili, na jina la ofisi ya posta; wewe unakwenda na kitambulisho kuchukua. Wanaoijua leo ni wachache, na ni huduma nzuri sana kwa msafiri.

Kikwazo cha sanduku ni kwamba kampuni nyingi binafsi za vifurushi hazipeleki huko, kwa kuwa zinahitaji mtu wa kumkabidhi mzigo na simu ya kumpigia. Ndiyo maana namuuliza muuzaji kabla: unatuma kwa posta au kwa kampuni? Nimehifadhi anwani mbili kwenye simu, moja ya sanduku na moja ya mahali halisi, na nanakili ile inayohusika. Ukimpa mtu wa kampuni binafsi sanduku la posta, mzigo unaweza kukwama kabla hata haujatoka nchini kwake.

Na kama ni kampuni binafsi, mara nyingi siwaachi waje nyumbani. Nyingi zina utaratibu wa mzigo kubaki kwenye ofisi yao mpaka mwenyewe uufuate. Unauomba wakati wa kununua, au unauchagua baadaye kupitia programu au tovuti yao ukishapata namba ya mzigo. Watu wanaona kama ni kujipunja, umelipia kuletewa halafu unajipeleka. Mimi naona ni kununua uhuru wa siku nzima. Nafunga kibanda muda ninaotaka mwenyewe, nakwenda, narudi. Hakuna kukaa na simu mkononi asubuhi mpaka jioni ukiogopa hata kwenda msalani kwa sababu dereva alisema yuko karibu.

Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi kwa makabati ya vifurushi. Ujerumani, DHL walianza na makabati yao ya Packstation mwaka 2001. Poland, kampuni ya InPost ikaja na ya kwake mwaka 2009, na leo yametapakaa nchi nzima. Mleta mizigo anaweka kifurushi kwenye kijikabati kimoja na kufunga. Wewe unapata msimbo kwenye simu, unafika hata usiku wa manane, unaingiza msimbo, mlango unafunguka. Ukiwa mahali yanapopatikana, yatumie. Angalia tu vipimo, maana boksi lisiloingia linapelekwa kwingine, na angalia muda, kwa kuwa siku za kuacha mzigo humo ni chache kuliko posta. Msimbo usimpe mtu usiyemwamini. Mwenye msimbo ndiye mwenye mzigo. Duka la wakala linalopokea vifurushi kwa niaba ya kampuni lina urahisi unaokaribia huo, na lina mtu wa kuongea naye, ila fahamu saa zake za kufungua kabla ya kulichagua.

Nikija kwenye forodha, naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Karibu kila mzigo wa bidhaa unaovuka mpaka kwa njia ya posta hubandikwa tamko la forodha. Kwa vifurushi vidogo ambavyo thamani yake haizidi SDR 300, kile kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, hutumika fomu fupi iitwayo CN 22. Juu ya hapo ni CN 23, ndefu zaidi. Na kuanzia tarehe 1 Januari 2021 taarifa hizo zinatakiwa zitangulie pia kwa njia ya elektroniki kabla mzigo haujafika. Maana yake ni kwamba kosa la muuzaji linakusubiri kule mbele. Nimeshapokea simu ya forodha kwa sababu muuzaji aliandika "vipuri" peke yake. Vipuri vya nini? Afisa hawezi kukisia. Sasa namwomba kila muuzaji aandike hivi: "shatoli ya chuma ya cherehani, kipande 1", na thamani niliyolipa. Wapo wanaojitolea kuandika thamani ndogo au neno "zawadi" ili kukusaidia. Wakatalie. Forodha wakishuku watakuuliza risiti, na kifurushi kikipotea utalipwa kwa kufuata ile thamani ndogo iliyoandikwa.

Tofauti nyingine inayogusa mfuko ni nani analipa ushuru na wakati gani. Kwa posta, mara nyingi unalipa wewe siku ya kuchukua. Kampuni binafsi huutoa mzigo forodhani zenyewe kwa niaba yako, kisha zinakudai ushuru pamoja na ada ya kazi hiyo, na ada hiyo kwa kitu kidogo inaweza kuuma kuliko ushuru wenyewe. Ukiona muuzaji ameandika DDP, maana yake ushuru na kodi amebeba yeye. DAP ni kwamba gharama hizo zinakusubiri wewe. Herufi tatu tu, lakini nimeshaona mtu akiacha mzigo ofisini kwa sababu hakujua kuna malipo ya pili.

Matapeli nao wanajua kwamba tunasubiri vifurushi. Wanatuma ujumbe: mzigo wako umezuiwa, lipa kiasi kidogo hapa uachiliwe, na kiungo cha kubonyeza. Kiasi huwa kidogo kwa makusudi, ili usifikirie mara mbili. Wanachotaka ni namba za kadi yako. Kiungo cha namna hiyo sikibonyezi hata kama kweli kuna mzigo ninaousubiri. Nachukua namba niliyopewa na muuzaji, nafungua tovuti ya posta au ya kampuni kwa kuiandika mwenyewe, na naangalia humo kama kuna deni.

Namba hiyo ya kufuatilia ina mengi ya kusema kwa anayeweza kuisoma. Ya posta ina herufi na tarakimu 13 kwa jumla: herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi iliyotuma. Herufi ya kwanza inaeleza huduma. R ni rejista, C ni kifurushi, E ni EMS, ile huduma ya haraka ya posta. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, inapigiwa hesabu kutokana na nane zilizotangulia, hivyo ukikosea tarakimu moja, mara nyingi mfumo unaikataa. Namba ikiwa imetoka kwa posta ya muuzaji, jaribu kuiweka kwenye tovuti ya posta ya nchi yako pia. Ikishaingia nchini, hiyo ndiyo inayokuwa na habari mpya. Na usitishike ukiona ukimya kati ya mzigo kutoka kwao na kufika kwenu. Kipindi hicho uko kwenye magunia ya ndege au kontena, na hakuna anayeusoma kwa mashine kipande kwa kipande. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari langu lina namba, tarehe ya kutumwa, jina la muuzaji, na picha ya risiti kwenye simu.

Kwa wanaonunua kwa wauzaji wasiotuma nje ya nchi yao, kuna kampuni zinazokupa anwani huko huko, zinapokea kwa niaba yako, zinakusanya vifurushi kadhaa kuwa kimoja na kukutumia. Zinafaa, lakini fahamu uzito wa ujazo, yaani kulipishwa kwa ukubwa wa boksi badala ya uzito wake halisi. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kuwa kilo 7.2 hata kama ndani kuna mkanda wa mota na karatasi za kujazia. Waombe wapunguze boksi kabla ya kutuma. Kila nilipoomba walikubali, na bei ilishuka.

Kisha kuna dakika ya kupokea yenyewe. Usisaini ukiwa unaangalia pembeni. Geuza boksi pande zote sita, angalia kona, angalia kama utepe umebandikwa mara mbili juu ya mwingine, tikisa taratibu usikie. Niliwahi kupokea gia ya chuma cha kusubu ndani ya boksi ambalo kona moja ilikuwa imebonyea na kulegea kama kitambaa. Nikamwomba mleta mizigo asubiri. Nilipiga picha lebo, nikapiga picha ile kona, nikafungua mbele yake, na gia ilikuwa na ufa kutoka kwenye tundu la katikati hadi kwenye meno. Kwenye stakabadhi, juu ya saini yangu, niliandika "boksi limebonyea, kitu kimepasuka", na yeye akaandika saa. Hakukasirika, alisema wengi husaini kwanza ndipo wanapiga simu kesho yake.

Mzigo wa posta ukiharibika au usipoonekana, kinachofunguliwa ni ulizo rasmi, na muda wa kulifungua kwa taratibu za Umoja wa Posta ni miezi sita tangu siku inayofuata ya kutuma. Mara nyingi anayepaswa kulifungua ni mtumaji, kwa posta ya kwake, kwa sababu ndiye aliyelipa. Kampuni binafsi zina muda wao, mfupi zaidi, na kwa uharibifu unaoonekana zinataka taarifa mapema sana. Kwa ile gia nilimtumia muuzaji picha zote na nakala ya stakabadhi jioni ile ile. Alidai, akalipwa, akanitumia nyingine. Nilimwomba aizungushie sponji na kuiweka katika boksi ndani ya boksi, na kwenye anwani nikambadilishia: ofisi ya kampuni, nitaifuata mwenyewe.